Mtoto wa Mjini na Tuta Lake

Wanafunzi wengi wa Dar es Salaam hukutana na jembe kwa mara ya kwanza likiwa adhabu. Umechelewa namba, unapelekwa nyuma ya vyoo na kupimiwa hatua kumi za kulima. Umepiga kelele darasani, unapewa fyekeo. Kijana wa namna hiyo akiambiwa kwamba shuleni kuna klabu ya kilimo, na kwamba wanachama wake hubaki Jumatano baada ya masomo kwa hiari yao, hushangaa kweli. Nimekuwa mlezi wa klabu kama hiyo kwa miaka tisa, katika shule ya sekondari iliyobanwa na nyumba pande tatu na barabara upande wa nne. Kila Januari huja mmoja au wawili wa kidato cha kwanza, wanazungukazunguka karibu na kitalu, wanataka kuuliza na wanaogopa kuchekwa. Ninawaandikia hao, na wazazi wao.

Kwanza hiyo adhabu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule halikukusudiwa kuwa mahali pa kuwakomesha watoro. Alitaka liwe sehemu ya masomo: wanafunzi washiriki kupanga nini kilimwe, wafanye kazi, wahesabu kilichopatikana, kisha wawe na kauli juu ya matumizi yake. Miaka ilivyokwenda, katika shule nyingi kilichobaki mikononi mwa mwanafunzi ni mpini tu, kupanga na kuhesabu vikahamia ofisini. Klabu nzuri ni ile inayomrudishia kijana vile vitu viwili alivyonyang'anywa. Ukijiunga, dai kupanga na dai kuhesabu. Usipovipata, utakuwa kibarua asiyelipwa, na utachoka kabla ya muhula kwisha.

Kwa hiyo usikimbilie kujiandikisha. Kaichunguze klabu kwanza, na usiende siku ya mkutano. Nenda siku nyingine yoyote, saa kumi jioni, ukasimame bustanini peke yako. Kuna klabu za picha. Zina fulana, zina bango, zina uongozi kamili kuanzia mwenyekiti hadi mweka hazina, na zina tuta moja lililopandwa wiki moja kabla ya mgeni rasmi kufika. Wewe chomeka kidole kwenye udongo. Una unyevu? Keni ya kumwagilia iko wapi, na kichwa chake cha matundu kipo au kimepotea? Halafu mtafute mwanachama yeyote umuulize: Jumapili iliyopita nani alimwagilia? Akikutajia jina bila kufikiri, hapo pana klabu. Akisema "huwa tunasaidiana," endelea kuuliza kwingine.

Nasema hivi kwa sababu karatasi ya zamu ndiyo klabu yenyewe. Mtoto wa mjini hudhani anachokosa ni ardhi. Ardhi si tatizo kubwa kiasi hicho. Mboga huota kwenye viroba, kwenye ndoo zilizopasuka, kwenye matairi, hata juu ya zege ukiweka kichanja. Kinachokosekana mjini ni mtu ambaye kesho asubuhi, bila kusukumwa, atakuja tena. Mmea haujui kwamba jana kulikuwa na mtihani, wala kwamba timu yako inacheza leo jioni. Kijana akishaielewa karatasi ya zamu, mengine yote ya kilimo atafundishika.

Ulizia pia mavuno yanakwenda wapi. Jibu lolote linafaa, mradi linajulikana na wote: yanauzwa kwa walimu, yanapelekwa jikoni, yanagawanwa. Ubaya ni pale mavuno yanapokwenda bila kuaga. Na uulize kama shule huwaleta wakosaji kulima kwenye bustani ya klabu. Sisi ilitutokea: wavulana sita waliopewa adhabu ya kupalilia waling'oa miche yote ya bamia wakidhani ni magugu, na wanachama wangu watatu hawakurudi tena. Tangu hapo tulikubaliana na mwalimu wa nidhamu kwamba adhabu zitafanyikia kokote isipokuwa pale. Kama shule yako haijafika huko, wanachama mwombeni mlezi wenu alisemee jambo hili. Kazi ya hiari na kazi ya adhabu haziwezi kukaa kwenye tuta moja.

Sasa umejiunga. Wiki mbili za mwanzo utabeba maji, na mikono itatoka malengelenge. Vaa viatu vilivyofunika vidole, hilo halina mjadala, kwa kuwa udongo wa mjini una vioo na misumari kuliko mawe. Uliza nyumbani kama chanjo yako ya pepopunda iko hai. Nguo ya kazi iwe ya kazi. Usiichafue sare, mama akakukataza klabu kwa sababu ya sabuni.

Baada ya hapo omba tuta lako, hata kama ni dogo, hata kama mtalimiliki wawili. Upana wake usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili na usilazimike kulikanyaga. Tuta la urefu wa mita tano hula ndoo mbili za samadi, lakini samadi iliyoiva. Namna ya kujua ni rahisi: tumbukiza mkono katikati ya lundo. Ukikuta joto, bado inachemka na itaunguza mizizi, iache. Iliyoiva ni baridi, nyeusi, inamong'onyoka, na inanuka udongo baada ya mvua. Wengi wa watoto wangu husita hapo, wanaangaliana nani aanze kuingiza mkono. Akishaingiza mmoja, na wengine huingiza.

Anza na mchicha. Wanaotaka sifa hukimbilia nyanya, na nyanya ndiyo imeua klabu nyingi. Nyanya inataka kitalu, inataka kupandikizwa, kufungwa kwenye miti na kupunguzwa machipukizi, na tangu mwaka 2014 nchini kuna kanitangaze, kile kiwavi kinachochimba mahandaki ndani ya jani na kutoboa tunda, ambacho hata wakulima wazoefu wa Kilolo na Arusha wamepata shida kukidhibiti. Kwa nini uanzie vitani? Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Kijana anayeanza anahitaji kushika kitu mkononi upesi, ajue kwamba jasho lake lilikwenda mahali.

Mchicha wenyewe, pamoja na urahisi wake, una somo lake. Mbegu ni ndogo, nyeusi, inang'aa, ndogo kuliko chembe ya chumvi ya mawe. Ukizitupa kwa mkono zitaangukia mahali pamoja. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko vitano au sita vya mchanga mkavu, kisha nyunyiza mchanganyiko huo kwenye vifereji vilivyochorwa kwa kijiti, vyenye kina kisichozidi ukucha. Fukia kidogo sana. Tandaza nyasi kavu juu. Halafu ndipo maji.

Hapo kwenye maji ndipo nilipoona kundi langu la kwanza likifeli. Kichwa cha keni kilikuwa kimepotea, wakaona isiwe taabu, wakamwaga kwa ndoo. Siku ya tano tuta lilikuwa tupu kabisa katikati, jekundu kama sakafu, na kwenye ukingo wa chini ulikuwa umeota mchicha mzito kama manyoya ya brashi: mbegu zote zilichukuliwa na maji zikalundikana pale. Sikuwafokea. Niliwaambia wachuchumae waangalie. Baada ya kimya, msichana mmoja alisema, "Mwalimu, kumbe mvua ya ghafla nayo huwafanyia hivi wakulima." Somo la mmomonyoko wa udongo, ambalo mwalimu wa jiografia huchora ubaoni, lilikaa kichwani mwake siku ile bila chaki. Jioni ile ile walitoboa mfuniko wa dumu kwa msumari wa moto na wakawa na keni yao.

Miche ikiota, siku ya tatu hadi ya tano, nyasi ziondolewe jioni, kamwe si adhuhuri. Ikifikia kimo cha kidole, punguza. Vijana huona huruma kung'oa kilichoota, ila usipopunguza, utavuna nyuzi. Na hiyo miche ya kupunguza inaliwa. Ni mboga laini kuliko itakayokuja baadaye.

Tuta la pili liwe la matembele. Kata mche wenye urefu wa kiganja na nusu, ulaze, fukia vifundo viwili au vitatu, basi. Matembele huvumilia kusahaulika kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuyapanda, kwa maana kuna jambo ambalo klabu nyingi za mjini hazilipangii kabisa: likizo.

Niseme hili kwa urefu. Dar es Salaam masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Shule nazo hufunga Juni na Desemba. Tazama kinachotokea: klabu inachangamka Aprili mvua zikiwa nyingi, matuta yanapendeza, kila mtu ni mkulima kwa kuwa mbingu ndiyo inayomwagilia. Juni mvua zimekatika, upepo wa kusi unakausha udongo, geti linafungwa, na wanachama wametawanyika, wengine wamepelekwa kwa bibi Songea au Bukoba. Julai mnarudi kwenye jangwa. Wanachama wanakata tamaa, klabu inabaki jina mpaka Machi nyingine. Nimeyaona haya katika shule tatu.

Dawa yake ni kuhesabu kurudi nyuma. Chukua tarehe ya kufunga shule, toa wiki tano. Baada ya siku hiyo msisie mchicha tena. Wiki mbili za mwisho ni za kuvuna, kuweka mboji na kutandaza nyasi nene kwenye matuta yote. Kinachobaki ardhini kiwe matembele na mihogo michache ya kisamvu. Kisha andikeni orodha ya wanachama wanaokaa umbali wa kutembea kwa miguu, mkubaliane siku, na mlezi aombe kibali kwa mkuu wa shule ili mlinzi awafungulie. Mlinzi naye apewe fungu lake la mboga; yeye ndiye mwanachama wa likizo. Kwa likizo ya Desemba pandeni kunde mapema mwezi wa Novemba. Zitafunika udongo, zitabana magugu, zitaurutubisha kwa naitrojeni inayotengenezwa kwenye vinundu vya mizizi yake, na Januari mtakuta majani na maganda yanawasubiri.

Mwaka mmoja tuliporudi Julai, tuta moja tu lilikuwa kijani. Lilikuwa la binti wa kidato cha pili, mkimya, ambaye hakuwahi kugombea cheo chochote katika klabu. Alikaa na mama yake kwenye chumba cha kupanga mitaa miwili kutoka shuleni, na kila siku ya pili alikuwa amekuja na mdogo wake wa kiume wakiwa na dumu la lita kumi kila mmoja. Hakuna aliyemwagiza. Wiki ile wanachama walimchagua kuwa katibu wa zamu, cheo ambacho hakikuwapo kabla yake, na mpaka leo ndicho cheo kikubwa kwenye klabu yetu.

Kuhusu kuku: mwaka wa kwanza msifuge. Kuku hula Idi na hula Krismasi, na wanataka chanjo ya mdondo ya matone ya jichoni kila baada ya miezi mitatu, au mtaamka siku moja mkute banda zima limelala. Mwaka wa pili, zamu ikishasimama, sawa.

Tuje kwenye daftari. Nunua la kaunta, lenye jalada gumu, si karatasi za kuchana. Andika tarehe, kazi iliyofanyika, aliyeifanya, kilichotumika na kilichopatikana. Vijana wangu walipouza mchicha wao wa kwanza kwa walimu na kwa mama mmoja mwenye genge nje ya geti, walikuja wanarukaruka: faida shilingi 15,000! Nikawaomba daftari. Mbegu nilikuwa nimewapa mimi, hazikuandikwa. Samadi ililetwa na mzazi kwa gari lake, haikuandikwa. Maji yalikuwa ya bomba la shule, na bomba lina bili. Tulipoandika vyote, faida ikabaki shilingi 3,500. Nyuso zilinywea, ila tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia neno "faida" bila kulileta daftari. Hesabu hiyo wataihitaji hata wakifungua duka la simu. Na msigawane fedha kabla ya kukubaliana kwa maandishi, tena kabla ya mavuno, kiasi gani kinabaki kwa mbegu za msimu ujao. Urafiki wa shule huvunjika kwa shilingi mia tano.

Usalama una mambo mawili ambayo sitayalegezea. Moja, mwanafunzi asishike kiuatilifu, asichanganye, asipulize, hata akiambiwa ni "dawa ya kawaida." Ukiona jani limejikunja au lina wadudu chini yake, lipige picha kwa simu, umpelekee afisa ugani wa kata, yupo kwa kazi hiyo. Wadudu mafuta wachache huoshwa kwa maji ya sabuni na vidole. La pili ni maji. Usimwagilie mboga za kula kwa maji ya mfereji au ya mto unaopita viwandani na mitaani. Watafiti wamepima udongo na mboga za bonde la Msimbazi wakakuta madini mazito, risasi ikiwamo, na haya hayaondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Kama maji safi hayatoshi, punguza matuta. Maji yaliyosuuzia mchele na mboga nyumbani yanafaa. Yenye sabuni ya kufulia usiyapeleke kwenye mboga.

Mzazi wako anaweza kukataa. Mwelewe. Huenda yeye alilikimbia jembe la mkono akaja mjini ili wewe usilishike, na kukuona na udongo kwenye kucha kunamrudisha mahali asipotaka kukumbuka. Usibishane naye kwa maneno ya redioni kuhusu fursa za vijana. Shikamoo yako iwe ile ile, kazi za nyumbani zikamilike, alama zisishuke, na siku ya mavuno mpelekee fungu la mchicha uliopanda mwenyewe. Halafu muulize jambo: "Mama, kule kijijini mlikuwa mnahifadhije mbegu za kunde?" Nimewaona wazazi wakali wakikaa chini na kueleza majivu yanavyochanganywa na mbegu, kibuyu kinavyozibwa, kinavyoning'inizwa juu ya moshi wa jikoni. Wengine walifika bustanini wenyewe Jumamosi iliyofuata.

Mambo haya si mapya. Kule Ohio, Marekani, mwaka 1902, msimamizi wa shule aitwaye A. B. Graham alianza kuwakusanya watoto wakapime udongo na kujaribu mbegu za mahindi. Watu wazima walikuwa wazito kupokea mbinu mpya za vyuo vya kilimo. Watoto walijaribu, na wazazi wakaona kwa macho. Vuguvugu hilo ndilo lililokuja kuitwa 4-H. Majirani zetu wa Kenya walilichukua wakalipa sura yao, wakaliita 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kijana wa Mbagala au Tegeta anaweza kumfundisha baba yake vilevile, mradi amfundishe kwa tuta na si kwa mdomo.

Agosti ikifika, ombeni safari ya Nanenane. Kwa kanda yetu ya mashariki maonyesho huwa Morogoro, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere. Msiende kutembea tu na kula miwa. Kila mmoja aende na swali moja lililotoka kwenye tuta lake, aliandike kwenye daftari, na asirudi bila jibu. Mtawakuta watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wa vyuo vya kilimo kama Ilonga, wa makampuni ya mbegu. Mtaalamu akiulizwa na mwanafunzi, "Bamia zangu zinatoa maua halafu yanadondoka, kwa nini?" humwita mwenzake waje wamjibu wawili. Wanafunzi wangu wawili walijulia pale kwamba kuna taaluma ya afya ya mimea na ya sayansi ya udongo, wakabadilisha tahasusi. Wengine wengi hawatakuwa wakulima wala maofisa kilimo, na si lazima wawe.

Na kama shule yako haina klabu, watu watano wanatosha. Msianze na katiba wala fulana. Anzeni na viroba sita vya matembele kwenye kona inayopata jua la asubuhi, mvitunze kwa miezi miwili, ndipo mwende kwa mkuu wa shule mkiwa na kiroba kimoja mkononi na karatasi ya zamu iliyojaa majina. Ombi la namna hiyo ni vigumu kulikataa.

Kama ipo, usingoje masika. Mchicha wa kumwagilia hauna msimu. Kamwone mlezi Jumatatu, umwombe akuonyeshe karatasi ya zamu. Utakuta Jumatano pamejaa majina na Jumapili pako wazi. Andika jina lako Jumapili.